Ondokeni Dirishani

Wanangu mnaopeleka watoto darasa la kwanza Januari hii, na nyinyi walimu vijana mtakaowapokea, hebu nisikilizeni kidogo kabla hamjakimbilia dukani kununua madaftari. Mimi ni mwalimu mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha darasa la kwanza, kuanzia kule Maore bondeni hadi huku milimani nilikostaafia. Wenzangu walipanda, wakafundisha la saba, wengine wakawa wakuu wa shule na kununua mikoba ya ngozi. Mimi nilibaki na wanaong'oka meno. Watu walidhani nimesahauliwa huko wilayani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakataa. Mtoto wa darasa la saba anajua kudanganya vizuri sana, anakutia hasira tu. Wa darasa la kwanza ndiyo kwanza anajifunza, na mtu akijifunza kitu kigumu namna hiyo mbele yako, unacheka hadi unasahau mshahara.

Sasa niwaulize: siku ya kwanza ya shule, ni nani anayesumbua kuliko wote? Msiniambie mtoto.

Hilo nilifundishwa na Mwalimu Mgonja, Mungu amrehemu, mzee niliyemkuta Maore nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu kikiwa bado kinanukia wino. Siku yangu ya kwanza darasa zima lililia. Nikaimba, wakalia. Nikapiga makofi, wakalia. Nikachora ng'ombe ubaoni, na waliokuwa wamenyamaza wakamwona yule ng'ombe, wakaanza upya. Mwalimu Mgonja akaingia na muwa mkononi. Aliketi sakafuni katikati ya darasa, akaumenya kwa meno, akaanza kutafuna kwa kelele za makusudi. Kilio kikapungua. Baada ya muda kukawa kimya kabisa, watoto wote wanamtazama mdomo. Ndipo akakata vipande na kuwagawia.

"Mwalimu," akaniambia huku akipangusa kidevu, "mtu hawezi kulia huku anatafuna muwa. Nenda nyumbani ukajaribu."

Nilijaribu jioni ile. Haiwezekani kweli.

Kisha akanionyesha dirisha. Kulikuwa na akina mama wamejazana pale, khanga mdomoni, macho mekundu. "Wale wa ndani nimekusaidia," alisema. "Sasa hawa wa nje ndio kazi yenyewe." Akatoka na muwa uliobaki, akampa kila mmoja kipande chake, akawaambia wautafune wakienda nyumbani, na atakayegeuka nyuma ataleta muwa mwingine kesho. Hawakugeuka. Miwa Maore haikuwa shida, lakini hakuna mama aliyetaka kuonekana njiani anapeleka muwa kwa mwalimu.

Basi kuna mambo madogo madogo ambayo nimeyaona yakiharibu Januari za watu wengi, na nitawaambia bila kuficha. Viatu, kwanza. Mnanunua viatu vikubwa eti atakua navyo. Kabla hajakua navyo, mtoto anatembea kama anavuka mto, na wakati wa mapumziko kiatu kimoja kinabaki uwanjani. Mnunulie vinavyomtosha, au mwache na ndala mpaka hapo mtakapopata. Halafu jina. Kuna mwaka niliita "Gloria" asubuhi nzima, hakuna aliyeitika, nikamwandika mtoro. Kumbe Gloria ameketi mbele yangu ananisaidia kumtafuta. Nyumbani wanamwita Nakijwa tangu azaliwe, hilo la Gloria lilikuwa limekaa kwenye cheti cha kuzaliwa likisubiri shule. Mwambieni mtoto jina lake mapema. Mfundisheni pia kufungua vifungo vya kaptula mwenyewe na kuomba kwenda chooni kwa Kiswahili, hata kama nyumbani mnaongea Chasu tu, kwa sababu si kila mwalimu ni wa huku, na jambo lile likishafika halingoji mkalimani.

Na jambo la kuaga. Usimdanganye mtoto kwamba unakwenda kununua andazi unarudi sasa hivi. Atalisubiri hilo andazi mpaka saa sita. Mwambie ukweli, mbusu, ondoka. Ukishaondoka, umeondoka. Usirudi dirishani.

Ninalirudia hilo la dirisha kwa sababu ya Namsifu.

Ilikuwa Januari yangu ya mwisho kazini, huku juu. Shule yetu iko kwenye kilima, madirisha yake hayana vioo, ni mbao za kufungua na kufunga. Ukungu wa asubuhi unaingia darasani kama mzazi asiye na miadi. Namsifu aliletwa na bibi yake, mlezi wake tangu alipoachishwa ziwa, maana baba na mama wanafanya kazi Dar es Salaam. Bibi huyo tunamwita Mama Elibariki, kwa jina la huyo mwanawe wa Dar. Ni mkulima wa tangawizi, ana sauti ambayo ikitoka kanisani waumini wa ng'ambo ya bonde wanajua ibada imeanza.

Siku ya kwanza Mama Elibariki alimwingiza mjukuu mlangoni, akamuaga vizuri kabisa, akazunguka nyuma, akasimama dirishani. Nikauliza darasani, "Namsifu, hiki ni nini?" Nimeshika embe. Kabla Namsifu hajafungua mdomo, sauti ikatoka dirishani: "Embe! Anajua huyo, Mwalimu, ana aibu tu." Nikamwambia bibi amepata, nikaweka alama ya vema ubaoni. Darasa likapiga makofi. Nilifikiri ataona haya. Akafurahi.

Baadaye chakula kikaanza kuingia. Ndizi ya kuchemsha, kiazi, kopo la makande na kijiko chake. Watoto wengine wakasogeza madawati kuelekea upande ule. Na kila bibi alipojaribu kuondoka, hata hatua chache tu akanyooshe mgongo, Namsifu alipanda juu ya dawati, akaruka dirishani, akamfuata. Hakuwa analia. Alikuwa anatoka tu, kama mtu aliyemaliza shughuli zake.

Siku ya pili mzazi mmoja kijana, aliyekuja kumpiga mwanawe picha za siku za mwanzo, akachukua video ya Namsifu akiruka. Akairusha kwenye kundi la wazazi kwenye simu. Kabla ya mapumziko imefika Dar.

Simu yangu ikalia. Nikaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yangu ya siku hizi yanachagua maneno.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Elibariki."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mwalimu, nimeona video. Mtoto anaruka dirisha!"

"Anaruka vizuri," nikasema. "Hajaanguka hata mara moja."

Hakucheka. "Mwalimu, mimi nimeongea na mama yake. Ijumaa nakuja. Kama bado anatoroka, nitamchukua, nitamweka bweni huku. Nafasi ipo. Mama amemdekeza mno. Mtoto hawezi kupoteza mwaka."

Mama Elibariki alikuwa dirishani, bila shaka. Alisikia kila neno. Simu ilipokatika aliketi juu ya jiwe pale nje, akaweka kopo la makande chini.

"Mwalimu," akasema, "wakimchukua huyu, mimi nitaongea na nani jioni? Nyumba ile nitaishije?"

Nilimwonea huruma. Lakini kazi ni kazi. "Mama Elibariki," nikamwambia, "sikiliza. Atachukuliwa kwa sababu hakai darasani. Hakai darasani kwa sababu anakuona. Ukitaka abaki kwako, ondoka dirishani."

"Nimeelewa," akasema. "Naondoka."

Akahamia dirisha la pili.

Jumatano nilijaribu muwa. Namsifu aliupokea, akautafuna, akaruka nao. Nikafunga mbao za madirisha, darasa likawa giza, watoto wote wakaanza kulia, nikafungua. Na mjue Mama Elibariki hakuwa peke yake. Akina mama wengine walipomwona bado yupo, nao wakasema kwa nini sisi tuondoke. Pale nje palikuwa na watu wengi kuliko mnada wa Hedaru. Mchana ule nikapata wazo, na nawaambia tangu sasa kwamba mawazo yanayomjia mwalimu wa darasa la kwanza siku ya Jumatano yapimwe mara mbili.

Kwa msio wa huku kwetu: tuna kazi yetu ya pamoja inaitwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, mnakwenda kuchimba barabara, kuzibua mfereji, kujenga darasa, chochote kilichoamuliwa. Usipokwenda, siku yako ya kuezeka nyumba au kuzika utaona nani atakuja. Hakuna Mpare mwenye akili timamu anayesikia pembe akabaki ameegemea dirisha.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kajiru, mwenye pembe. Nikamweleza kisa chote. Alicheka hadi akakohoa. "Unataka niite msaragambo ili uwafukuze akina mama?" akauliza. "Mzee mwenzangu," nikamwambia, "nataka uite msaragambo mbali na shule. Popote. Utakapokuwa, watakufuata." Akakubali. Tukapeana mikono kama wezi.

Alhamisi asubuhi niko darasani, madirisha yamejaa vichwa, nasubiri pembe itoke mbali, kule upande wa barabara. Pembe ikalia. Ikalia nyuma ya mgongo wangu, karibu kabisa, hadi chaki ikanidondoka.

Mzee Kajiru goti lilikuwa linamsumbua. Asubuhi alimleta mjukuu wake shuleni, akaona ya nini apande mlima mwingine wakati mlima huu ameshaupanda. Akasimama katikati ya uwanja wetu akapuliza. Na desturi ni kwamba mnakusanyika pale pembe ilipolia.

Wanangu, walikuja. Walitoka kwenye mashamba ya tangawizi, kwenye migomba, dukani, jikoni. Wazee, vijana, na mchungaji na jembe lake. Nilitaka kuondoa akina mama wachache dirishani, nikaleta kijiji kizima uwanjani. Watoto wakapanda madawati wote kutazama. Jasho jembamba likanitoka pamoja na baridi yote ile.

"Kazi iko wapi?" watu wakauliza.

Mzee Kajiru akanitazama mimi. Akanyoosha kidole, mzee yule, bila aibu: "Mwalimu atawaeleza."

Huwezi kuwaambia watu walioitikia pembe kwamba ilikuwa njama. Pembe ikishaita, hakuna kurudi nyumbani bila kazi kufanyika. Nikatoka uwanjani, nikatazama huku na huku, macho yakashuka kilimani hadi kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia lililoko chini ya shule. Lilikuwa limejaa tope tangu mvua za vuli. "Ndiva," nikasema kwa sauti ya kiserikali. "Ndiva imejaa tope. Tutamwagilia nini?" Watu wakaguna kukubali. Mmoja akasema hata yeye alikuwa amelisema hilo siku nyingi. Wakaanza kushuka.

Mama Elibariki alibaki dirishani. Mikono imeshika mbao. Lakini yeye ndiye mwimbishaji wa msaragambo, tangu akiwa msichana. Watu walisimama njiani, wamegeuka, wanamngoja, maana hakuna anayeinua jembe kabla hajaanzisha wimbo.

Akanitazama. Nikamtazama. "Ijumaa ni kesho," nikamwambia polepole.

Akaazima jembe, akashuka. Hakumuaga mtoto. Nadhani angemuaga asingeweza kwenda.

Namsifu alikuwa tayari ameshapanda dawati. Akafika dirishani, akaona ukungu tu, kwa maana ndiva haionekani kutoka darasani. Akashuka, akakimbilia mlangoni. Nami nikaacha, kwa sababu nimejifunza kwamba mtoto anayeshikwa anapata nguvu za ndama. Akafika kizingitini. Na hapo hapo kutoka chini sauti ya bibi yake ikapanda, imeanzisha wimbo, na kijiji kizima kikaitikia.

Namsifu akasimama. Akasikiliza. Akaketi kizingitini. Nilianza kufundisha kama vile sijamwona. Nikachora mstari uliolala, mstari uliosimama. Baadaye kidogo alikuwa ameketi mwisho wa dawati la nyuma. Alipoona wenzake wanachora hewani kwa kidole, akachora na yeye.

Kisha wimbo ukakatika. Walikuwa wanapumzika tu, lakini mtoto akainua kichwa, midomo ikaanza kutetemeka, mguu mmoja umeshatoka nje ya dawati. Nilikimbilia dirishani nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Wimbooo!"

Kimya. Halafu sauti ya Mama Elibariki ikapaa tena, na majembe yakafuata. Waliimba asubuhi ile yote. Kila walipotaka kupumzika nilipiga kelele, na hawakujua kwa nini, wakadhani ni maagizo ya wilaya. Ndiva ile haikuwahi kuwa safi namna ile. Mpaka mchana Namsifu alikuwa hajaruka, na alikuwa amejifunza kuandika moja.

Jioni Mama Elibariki alikuja kwangu, tope hadi magotini. "Hakutoka?" akauliza. Nikamwambia hakutoka. Akafunika uso kwa khanga akalia, na mimi nikalia, na nyumbani hapakuwa na muwa.

Ijumaa nilifungua mbao za madirisha nikiogopa. Hapakuwa na mtu. Ila mara tu watoto walipoketi, nikasikia sauti kutoka chini. Sauti moja tu, bila waitikiaji. Mama Elibariki alikuwa ameshuka ndivani peke yake, kwenye bwawa safi lisilo na kazi yoyote, anaimba.

Elibariki akafika na bodaboda, viatu vimeng'arishwa. Huyu baba nilimfundisha mimi mwenyewe darasa la kwanza, hapo hapo. Siku zile alikuwa analia huku amejaza shati mdomoni. Akaniamkia, akaenda moja kwa moja dirishani, na akamkuta binti yake ameketi, kalamu mkononi, ulimi nje.

"Namsifu! Bibi yuko wapi?"

Mtoto hakusimama. "Yuko kazini," akasema. "Si unamsikia?"

Baba akageuza kichwa. Nilimwona akiitambua sauti ya mama yake, na uso wake ukabadilika. Halafu akaegemea mbao, akabaki pale. Nikaendelea kufundisha, yupo. Nikafuta ubao, yupo. Akaanza kumfanyia binti yake ishara, akimwonyesha kwa kidole hewani jinsi ya kuandika mbili. Mtoto mmoja akamwona, akamkumbuka baba yake, akaanza kulia. Wa pili akafuata.

Nikatoka nje, nikachukua jembe la shule, nikampa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina safari."

"Elibariki," nikasema, "unaliliza darasa langu. Mama yako yuko chini peke yake."

Akalichukua. Akashuka na viatu vyake vile. Walichozungumza huko sikijui, ila wimbo ulikatika kidogo, ukarudi, na safari hii ulikuwa na mwitikiaji mmoja, anayekosea. Saa sita walipanda pamoja wamechafuka wote wawili. "Mwalimu, abaki," akasema, basi. Mama Elibariki alimpangusa mwanawe tope shavuni kwa ncha ya khanga mbele ya shule nzima, na yeye akakubali kupanguswa.

Mwaka ule nikastaafu. Wakanipa godoro na maneno mazuri.

Januari iliyofuata, siku ya kufungua shule, niliamka kabla ya jogoo, nikavaa, nikafunga kilemba, ndipo nikakumbuka sina pa kwenda. Nikajiambia nakwenda dukani kununua chumvi. Duka liko chini na shule iko juu, lakini miguu ikapanda. Nilisimama pembeni ya dirisha, nisionekane. Ndani kulikuwa na Mwalimu Neema, binti mdogo wa Same mjini, na darasa zima linalia. Alikuwa amechora ng'ombe. Wanangu, ng'ombe yule alikuwa mbaya kuliko wangu.

"Muwa!" nikamnong'oneza. "Wape muwa!"

Watoto wote wakanigeukia. Waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya. Mwalimu Neema akanitazama kwa heshima zote, akatoka mlango wa pili, na nikamsikia anaita mtu kutoka darasa la pili.

Aliyekuja ni Namsifu. Viatu vimemtosha. Analiburuza jembe la shule kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Jembe hili hapa. Bibi ameshatangulia ndivani."

Nikamwambia mimi napita tu, nakwenda kununua chumvi. Akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyeyasikia hayo mara nyingi.

"Uimbe kwa nguvu," akaniambia. "Tutakusikia."

Nikashuka. Sijui kuimba, hata kanisani huwa nafungua mdomo tu, lakini asubuhi ile niliimba mpaka sauti ikakauka.